Kuishi na Mbwa Ukiwa na Aleji: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila anayenijia na tatizo hili ameshajaribu kitu. Mmoja amemwogesha mbwa mpaka ngozi ya mnyama ikaanza kutoka magamba. Mwingine anameza kidonge kila asubuhi na bado anaamka pua imeziba. Wa tatu alinunua mbwa aliyeambiwa kuwa "haleti aleji", na wiki ya pili macho yakamvimba. Ukiwauliza mbwa analala wapi, majibu yanafanana: chumbani, au mlangoni mwa chumba, au "anaingia mchana tu, usiku tunamtoa".

Hapo ndipo kazi yote inapoharibikia. Watu wanaanza na mbwa wakati wanatakiwa kuanza na kitanda. Mimi pia nina aleji, na ninaishi na mbwa anayeitwa Chui ambaye sina mpango wa kumtoa. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa mfuatano unaozaa matunda, kwa hiyo usiruke ya pili kwenda ya nne kwa sababu ya nne inaonekana rahisi.

## Soma hili kabla ya kuanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayepiga chafya, anayetokwa na kamasi jepesi, anayewashwa macho, au anayetoka vipele pale mbwa alipomlamba.

Kama kifua kinakubana, kinatoa mlio kama filimbi unapopumua, au unaamka usiku kwa kikohozi, nenda kwa daktari kwanza. Hiyo huenda ni pumu, na pumu haitibiwi kwa kupiga deki. Ukifikia hali ya kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikaanza kuwa ya bluu, hiyo ni dharura: hospitali, saa hiyo hiyo.

## Vitu vya kuandaa

Kwa chumba cha kulala:

- Vifuniko vya godoro na mito vyenye zipu, vile vya kitambaa kilichofumwa kwa kubana vinavyotengenezwa kuzuia utitiri wa vumbi (vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro na vitambaa)
- Seti mbili za shuka na foronya, moja kitandani na moja kabatini
- Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA (kile kinachokamata hata chembe ndogo mno), kama uwezo upo

Kwa nyumba nzima:

- Vitambaa laini vya kufutia vumbi, visipungue sita, na ndoo mbili
- Mopa
- Mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, kama una kapeti au makochi ya kitambaa
- Shuka nzito za kufunika makochi

Kwa mbwa:

- Brashi inayolingana na manyoya yake
- Shampuu ya mbwa isiyo kali
- Mataulo mawili ambayo ni yake peke yake
- Kitanda chenye kifuniko kinachovuliwa na kufuliwa

Kwako wewe:

- Barakoa ya N95 na glavu
- Daftari na kalamu
- Chupa ya kusafishia pua na chumvi
- Dawa ulizoandikiwa na daktari

Fedha zisipotosha, acha mashine zote mbili. Nunua vifuniko vya godoro na mito. Nimeona watu wakitumia akiba yao yote kwenye mashine ya kusafisha hewa, wakaiweka sebuleni karibu na mbwa, kisha wakaenda kulala kwenye mto uliojaa kile kile wanachokikimbia.

## Unapambana na nini hasa

Si manyoya. Kinachokusumbua ni protini zinazotoka kwenye mate, ngozi na mkojo wa mbwa. Iliyo maarufu zaidi kati ya hizo wataalamu wanaiita Can f 1. Mbwa anapojilamba, mate yanakauka juu ya manyoya. Anapojikuna, vijigamba vidogo vya ngozi vinapukutika. Unywele ni gari tu linalobeba mzigo, na ndiyo maana kumnyoa mbwa hakukuponyi.

Simama dirishani asubuhi, jua likiingia kwa mshale mmoja, kisha mpapase mbwa mgongoni mara tatu. Utaona vumbi jepesi likipanda na kukataa kushuka. Hilo ni lile linaloonekana. Sehemu yake nyingine ni ndogo kuliko maikroni 5 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), haionekani kwa macho, inaelea hewani kwa saa nyingi na kunata kwenye kuta, mapazia na nguo. Protini za mbwa zimepatikana hata shuleni na kwenye nyumba zisizo na mbwa kabisa, zikiwa zimebebwa na nguo za watu.

Kwa hiyo lengo lako si kulifikisha vumbi hilo kwenye sifuri, maana haliwezi kufika sifuri mbwa akiwa ndani. Lengo ni kulishusha mpaka chini ya kiwango ambacho mwili wako unaanza kulalamika.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni mbwa

Usikasirike nikikwambia kwamba huenda si mbwa. Utitiri wa vumbi, ukungu wa ukutani, mende na chavua vyote vinaleta dalili zile zile. Mtu anaweza kuhangaika na mbwa mwaka mzima wakati adui yuko ndani ya godoro.

Kwa wiki mbili, andika kila siku mambo manne: dalili ulizopata, saa zilipoanza, ulikuwa wapi, na mbwa alikuwa wapi. Zipe dalili alama kuanzia 0 hadi 10. Daftari hili utalihitaji tena mwishoni, kwa hiyo usilitupe.

Kisha omba kipimo. Kuna viwili vinavyotumika sana:

Kipimo cha ngozi. Tone la kila kichochezi huwekwa mkononi na ngozi ikachomwa kidogo juu yake. Baada ya dakika 15 hadi 20, mahali penye aleji panavimba kama palipoumwa na mbu. Dawa za antihistamini, zile za kutuliza aleji, zinaficha matokeo, na kwa kawaida hutakiwa kuziacha kati ya siku 3 na 7 kabla, kutegemea dawa yenyewe. Muulize anayekupima mapema. Wengi wanafika wakiwa wamemeza kidonge jana yake na wanarudishwa nyumbani.

Kipimo cha damu. Hiki kinapima kinga ya aina ya IgE, ile inayoleta aleji, dhidi ya mbwa. Hakihitaji kuacha dawa.

Kama kipimo cha damu kinachotenganisha protini moja moja kinapatikana, kiombe. Wapo watu ambao mwili wao unakataa protini nyingine ya mbwa, Can f 5, peke yake, na hiyo inatoka kwenye tezi dume. Kwa mtu wa namna hiyo, mbwa jike au dume aliyehasiwa anaweza kuwa hana shida kubwa, na wewe utakuwa umeokoa miezi ya mateso kwa kipimo kimoja.

Umefanikiwa ukiwa na: jibu la kipimo mkononi, na daftari linalokubaliana nalo. Kipimo kikisema utitiri na mbwa kwa pamoja, jambo ambalo si la ajabu, endelea; hatua ya 2 inawapiga wote wawili.

## Hatua ya 2: Komboa chumba cha kulala

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukifanya hii tu na kuacha nyingine zote, bado utaona tofauti. Ukifanya nyingine zote na kuacha hii, utakuwa unatwanga maji kwenye kinu.

Sababu ni ya hesabu. Unalala saa saba au nane, uso ukiwa umezama kwenye mto, ukivuta hewa ya sehemu moja. Hakuna mahali pengine nyumbani ambapo pua yako inakaa muda mrefu hivyo bila kuhama. Ukiupa mwili mapumziko ya saa nane kila siku, unaamka ukiwa na nguvu za kustahimili mchana ukiwa na mbwa. Usipoupa, kila asubuhi unaanza siku ukiwa umeshajaa.

Siku ya usafi mkubwa. Tenga siku nzima. Kama yupo mtu asiye na aleji wa kukusaidia, afanye yeye. La sivyo, vaa barakoa ya N95 na nguo utakazovua mara tu ukimaliza.

1. Toa kila kitu cha kitambaa kinachoweza kutoka: mapazia, kapeti, mito ya mapambo, nguo zilizotundikwa nje ya kabati. Kapeti isirudi.
2. Anza juu ukishuka chini. Juu ya kabati, mapanga ya feni, taa, fremu za madirisha, kuta, kisha kitanda, mwisho sakafu. Tumia kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Ndoo moja iwe ya maji yenye sabuni, nyingine ya maji ya kusuuzia.
3. Badilisha maji kila yanapokuwa ya kijivu. Usiyahurumie.
4. Fyonza vumbi la godoro pande zote mbili, kisha livalishe kifuniko na ufunge zipu mpaka mwisho. Mito vivyo hivyo.
5. Fua mapazia, shuka, blanketi na foronya. Maji ya nyuzi 60 yanaua utitiri. Protini za mbwa zenyewe zinaondoka kwa sabuni na maji mengi hata yasipokuwa ya moto sana.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza, nilipanda kiti nikafuta juu ya kabati la nguo. Chui hajawahi kufika pale, hawezi. Kitambaa cheupe kilishuka kikiwa kimevaa blanketi la kijivu, na ndani ya lile vumbi kulikuwa na vinywele vifupi vya rangi ya kahawia vilivyosokotana kama uzi. Tangu siku hiyo sikuhitaji kushawishiwa kwamba mlango unatakiwa kufungwa.

Baada ya hapo, mlango unafungwa. Usiku na mchana, siku saba za wiki, mvua ikinyesha na mbwa akilia. Mbwa akiingia kwa dakika kumi na kujilaza kitandani, anaacha mzigo wa siku kadhaa. Mbwa aliyezoea kulala nawe ataomboleza siku za mwanzo. Mwekee kitanda chake mahali anapoweza kukusikia, na humo uweke fulana yako uliyovaa. Kesha naye kwa subira, usimkaripie. Wengi wanashindwa usiku wa tatu, na mbwa anajifunza kwamba akilia siku tatu mlango unafunguka.

Mashine ya kusafisha hewa, kama unayo, inakaa humu, si sebuleni. Iwe kubwa ya kutosha kuzungusha hewa yote ya chumba angalau mara tano kwa saa. Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba: mita 4 kwa 3 kwa 2.7 ni mita za ujazo 32.4. Mara tano ni 162. Tafuta mashine ambayo boksi lake linaandika si chini ya mita za ujazo 162 kwa saa. Iwashe saa 24, madirisha yakiwa yamefungwa. Kichujio cha kweli cha HEPA kinakamata asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3.

Onyo: usinunue mashine inayozalisha ozoni, hata ikisifiwa vipi. Ozoni ni gesi inayochoma njia ya hewa, yako na ya mbwa.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki. Ukiwa huna mashine ya hewa, fungua madirisha kila siku isipokuwa msimu wa chavua kama nayo inakusumbua.

Umefanikiwa ukiona: baada ya wiki mbili hadi tatu, unaamka pua ikiwa wazi au karibu na wazi. Chafya za mfululizo za asubuhi ndizo za kwanza kupungua. Zisipopungua hata kidogo, rudi ukague: kuna mtu anafungua mlango, au kuna kapeti iliyorudi kimyakimya.

## Hatua ya 3: Sakafu, makochi na hewa ya sehemu nyingine

Acha kufagia kwa ufagio mkavu. Ufagio unalirusha vumbi kutoka sakafuni, ambako halikuwa na madhara makubwa, kwenda usawa wa pua, na litaelea muda mrefu baada ya wewe kuridhika kwamba pamesafika. Piga deki badala yake, angalau mara tatu kwa wiki mahali mbwa anapopita, na kila siku mahali anapolala.

Mashine ya kufyonza vumbi isiyo na HEPA ina kosa hilo hilo: inameza chembe kubwa na kutema ndogo kupitia nyuma. Kama unayo ya namna hiyo, itumie ukiwa na barakoa, madirisha wazi, na utoke humo kwa nusu saa baada ya kumaliza.

Kochi la kitambaa ni ghala. Lifunike kwa shuka nzito na uifue kila wiki pamoja na kifuniko cha kitanda cha mbwa. La ngozi au plastiki linafutwa tu. Kapeti kubwa za sebuleni ningekushauri uziondoe. Kama haiwezekani, mbwa asilalie.

Chagua pia kiti kimoja ambacho mbwa hapandi kamwe. Hicho ndicho chako cha kusomea na kupumzikia.

## Hatua ya 4: Mbwa mwenyewe

Sasa ndiyo zamu yake.

Brashi. Kila siku au siku moja baada ya nyingine, na nje ya nyumba. Afanye mtu asiye na aleji. Ukiwa huna budi kufanya wewe, vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, na simama upande upepo unakotokea ili vumbi liende mbali nawe. Ukimaliza, vua nguo na oga kabla ya kukaa popote.

Kuoga. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 1999 ulionyesha kwamba kumwogesha mbwa kunashusha kweli kiwango cha Can f 1 kwenye manyoya, lakini kinarudi juu ndani ya siku chache, kiasi kwamba kuoga kunatakiwa kuwe mara mbili kwa wiki ili faida idumu. Hapo ndipo wale wanaomwogesha mara moja kwa mwezi wanapokata tamaa na kusema kuoga hakusaidii.

Tatizo ni kwamba mara mbili kwa wiki si ngozi zote zinastahimili, na ngozi kavu inapukutika zaidi, kwa hiyo unaweza kuzidisha kile unachotaka kupunguza. Ninavyofanya mimi: mara moja kwa wiki kwa shampuu, na katikati ya wiki namfuta mwili mzima kwa taulo lililolowa maji ya uvuguvugu. Kama ngozi ya mbwa wako ni imara, nenda mara mbili, huku ukiikagua.

Namna ya kumwogesha:

1. Mpige brashi kwanza, la sivyo manyoya yaliyokufa yanageuka mafundo.
2. Maji yawe ya uvuguvugu. Mloweshe mpaka maji yafike kwenye ngozi. Mbwa mwenye manyoya mazito anaweza kuonekana amelowa huku ngozi ikiwa kavu kabisa. Ingiza vidole uhakikishe.
3. Paka shampuu ya mbwa, sugua taratibu na uiache dakika tano. Shampuu ya binadamu inakausha ngozi yake.
4. Suuza mpaka maji yanayotiririka tumboni yawe meupe, kisha suuza tena. Sabuni inayobaki inamwasha, naye atajikuna na kujilamba.
5. Mkaushe vizuri, hasa masikio na katikati ya vidole, ambako unyevu unaleta maambukizi.

Onyo: usimpake mafuta ya mti wa chai, yale yanayouzwa kwa jina la "tea tree oil", wala dawa za kuua vijidudu za kusafishia sakafu. Ni sumu kwa mbwa, na atajilamba.

Ngozi inayoumwa. Viroboto, upele na fangasi vinamfanya mbwa ajikune usiku kucha na kupukutisha magamba mara dufu. Ukiona anajitafuna, ana mabaka yasiyo na manyoya au ananuka hata baada ya kuoga, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kumtibu yeye ni sehemu ya kujitibu wewe.

Umefanikiwa ukiona: ukimpapasa ukiwa umevaa nguo nyeusi, hakuna vumbi jeupe linalobaki mkononi, na ngozi yake chini ya manyoya ni laini bila wekundu.

## Hatua ya 5: Mikono, uso na nguo

Hapa ni tabia tu, lakini tabia hizi ndizo zinazotenganisha macho meupe na macho mekundu.

Ukishamshika mbwa, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa uso. Mtu hujishika uso mara nyingi mno bila kujua, na macho yanawaka kwa kiasi kidogo sana cha mate. Asikulambe usoni wala shingoni. Akikulamba mkononi, osha pale pale. Ukiacha yakauke, unaweza kutoka vipele.

Nguo ulizokaa nazo na mbwa haziingii chumba cha kulala. Weka kapu la nguo chafu nje ya mlango. Oga na kuosha nywele usiku, si asubuhi, kwa sababu nywele zako zinabeba vumbi la mchana mzima mpaka kwenye mto.

## Hatua ya 6: Dawa, zitumike inavyotakiwa

Dawa zinafanya kazi vizuri zaidi juu ya nyumba safi. Zungumza na daktari au mfamasia, hasa kama una ujauzito, unanyonyesha, una ugonjwa mwingine, au mgonjwa ni mtoto.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Ni rahisi na watu wanaidharau. Chemsha maji kwa dakika moja kamili yakitokota, yapoe, kisha changanya mililita 240 na chumvi chini kidogo ya nusu kijiko cha chai. Pitisha pua moja yatokee nyingine, kichwa kikiwa kimeinama juu ya sinki. Usitumie kamwe maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa: kuna amiba anayeweza kuingia kupitia puani mpaka kwenye ubongo, na anaua.

Vidonge vya antihistamini. Cetirizine, loratadine na fexofenadine vinapunguza chafya na kuwashwa. Chlorpheniramine, ile ya zamani, inaleta usingizi mzito. Usiendeshe gari ukiwa umeimeza. Kumbuka kwamba vidonge havizibui pua vizuri.

Dawa ya steroidi ya kupulizia puani, kama fluticasone, mometasone au budesonide. Hii ndiyo yenye nguvu zaidi kwa pua iliyoziba, na ndiyo inayoachwa mapema kuliko zote, kwa sababu haifanyi kazi papo hapo. Inahitaji siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili za kila siku, ndipo ufike kilele chake. Namna ya kupulizia nayo ina maana kubwa: inamisha kichwa kidogo mbele, tumia mkono wa kulia kwa pua ya kushoto na wa kushoto kwa pua ya kulia, elekeza ncha upande wa sikio, pulizia, vuta hewa kidogo tu. Ukielekeza katikati unachoma ukuta wa pua na itatoka damu. Ukivuta kwa nguvu dawa yote inaishia kooni; ukisikia uchungu wake kwenye ulimi, umevuta mno.

Dawa za kuzibua pua haraka, kama xylometazoline na oxymetazoline, zinapendwa kwa sababu zinafungua kwa dakika. Usizidishe siku tano. Zaidi ya hapo pua inazizoea na kuziba vibaya kuliko mwanzo.

Pumu. Kama umeandikiwa inhela ya steroidi ya kila siku, itumie hata siku unazojisikia mzima. Ukijikuta unahitaji salbutamol, inhela ya kufungua kifua haraka, zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa; rudi kwa daktari.

Kuuzoesha mwili. Kuna matibabu ya kuingiza kichochezi kidogo kidogo, kwa sindano au matone chini ya ulimi, kwa miaka 3 hadi 5. Kwa chavua na utitiri ushahidi wake ni imara. Kwa mbwa ni dhaifu zaidi. Muulize mtaalamu wa aleji kabla ya kuweka matumaini yako yote hapo.

## Hatua ya 7: Hesabu baada ya wiki nane

Rudi kwenye daftari. Andika tena kwa wiki mbili kama ulivyofanya mwanzo, kwa alama zile zile za 0 hadi 10, kisha linganisha. Usiamini kumbukumbu. Siku moja mbaya inafuta wiki tatu nzuri kichwani mwa mtu.

Zikishuka kwa nusu au zaidi, na unalala vizuri, endelea hivyo hivyo. Zikishuka kidogo, ongeza jambo moja tu kwa wakati mmoja, ulipe wiki mbili, uone. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua lililosaidia.

## Kama bado hujachukua mbwa

Usinunue kwa jina la aina. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011 ulipima vumbi la nyumba zenye mbwa na haukukuta tofauti kati ya aina zinazosifiwa kuwa hazileti aleji na nyingine. Wa Uholanzi wa 2012 ulipima manyoya yenyewe, na aina zile zinazosifiwa zikaonekana kuwa na Can f 1 nyingi zaidi. Mbwa mmoja hutofautiana na mwingine hata wakiwa wa aina moja, kwa hiyo mjaribu huyo huyo unayetaka kumchukua: kaa naye ndani ya chumba kilichofungwa, saa moja au zaidi, siku nne au tano tofauti. Kama mwenye mbwa atakubali umchukue kwa majaribio ya wiki kadhaa kabla ya kuamua, hiyo ni bora zaidi, kwake na kwako.

## Lini mbwa ahame

Nasema hili nikijua linavyouma. Kama daktari ameshaona pumu yako au ya mtoto haitulii licha ya dawa kutumika sawasawa na hatua zote hizi kufuatwa, mbwa atafutiwe nyumba nyingine. Mpe mtu mnayemfahamu, aende na kitanda chake, brashi yake na kadi yake ya chanjo, na mweleze mwenyeji mpya anachokula na anachokiogopa.

Usitegemee nafuu wiki hiyo hiyo. Protini zinabaki ndani ya nyumba kwa miezi baada ya mnyama kuondoka, kwa hiyo rudia siku ya usafi mkubwa nyumba nzima, fua kila kitambaa, ondoa kapeti, na usiache dawa mpaka daktari aseme.